Trekta la maji linalokataa kuwaka likishapata moto: kisa cha pampu ya dizeli kutoka Ruai

Trekta linalozungumziwa hapa ni Massey Ferguson 240 lenye injini ya Perkins ya silinda tatu, ile inayojulikana kwa namba AD3.152, ambayo ujazo wake ni takriban lita 2.5. Kazi yake ni kuvuta tangi la maji la lita 5,000 kutoka kisima kimoja cha Ruai, mashariki mwa Nairobi, hadi kwenye ploti zinazojengwa Kamulu, Utawala na kandokando ya Eastern Bypass, mahali ambapo mabomba ya maji hayajafika, au yamefika lakini hayatoi maji. Mwenye trekta ni mama mfanyabiashara aliyelinunua likiwa limeshatumika miaka mingi, na dereva wake ni kijana aliyelizoea kiasi kwamba hutambua kwa mlio wa injini kama filta ya hewa imejaa vumbi. Lalamiko lao lilikuwa moja. Asubuhi trekta huwaka mara tu ufunguo unapozungushwa, na huvuta mzigo wake bila kupungukiwa nguvu. Lakini likizimwa kwa mteja wa tatu au wa nne, wakati injini imepata moto sawasawa, stata huzunguka hadi betri inachoka na injini haishiki. Likiachwa kwa muda wa nusu saa au zaidi, huwaka tena kana kwamba halijawahi kusumbua.

Katika biashara ya maji kasoro ya namna hiyo ni hasara ya kila siku. Maji hushushwa kwa mteremko kutoka kwenye tangi, kwa hiyo hakuna sababu ya injini kuendelea kunguruma wakati mpira umeelekezwa kwenye pipa la mjengo, na dereva mwangalifu huzima ili kuokoa mafuta. Kijana huyu aliacha kuzima. Akawa anaacha injini ikifanya kazi kutoka asubuhi hadi jioni, na mwenye trekta akaanza kuuliza kwa nini dizeli inaisha mapema kuliko zamani ilhali safari ni zilezile.

Kabla kisa hakijaletwa kwangu, tiba tatu zilikuwa zimeshajaribiwa. Kwanza ilinunuliwa betri mpya, kwa dhana kwamba stata haizungushi kwa kasi ya kutosha. Kisha stata yenyewe ikafunguliwa na kubadilishwa brashi. Yote mawili yalikuwa na mantiki, kwa sababu injini ya dizeli isiyozungushwa kwa kasi haipati joto la kuwasha mafuta, na katika mwinuko wa Nairobi, ambao ni kati ya mita 1,600 na 1,800 juu ya usawa wa bahari katika sehemu kubwa ya jiji, hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko ile ya Mombasa, jambo linaloifanya injini iliyochoka ionyeshe uchovu wake mapema. Tiba ya tatu ilikuwa dawa: chupa ya kiongezi cha dizeli iliyonunuliwa katika duka moja la spea la Kirinyaga Road, ambayo lebo yake iliahidi kusafisha nozeli (zile zinazonyunyiza mafuta ndani ya silinda), kulainisha pampu ya dizeli inayosukuma mafuta kwenye nozeli hizo, kuondoa maji, kuongeza nguvu na kurejesha pampu iliyochakaa katika hali yake ya mwanzo, yote kwa kipimo kimoja.

Hapa ndipo kisa kinapokuwa na funzo kubwa, kwa maana dawa ilionekana kufanya kazi. Ilimwagwa kwenye tangi mwanzoni mwa Juni, na katika wiki zilizofuata trekta likaanza kuwaka hata likiwa limetoka kazini. Mwenye trekta akaendelea kununua. Ilipofika Septemba tatizo likarudi kidogokidogo, na kufikia Januari likawa baya kuliko mwanzo, na muuzaji akamshauri aongeze kipimo maradufu kwa sababu, alisema, pampu ilikuwa imezoea. Hakuna pampu inayozoea dawa. Kilichobadilika ni majira: Juni hadi Agosti ni miezi ya baridi na mawingu Nairobi, na Januari na Februari ni miezi ya jua kali. Kasoro inayotegemea joto la mafuta hupungua yenyewe kipindi cha baridi, na chochote ambacho mtu atakuwa amemwaga kwenye tangi wakati huo kitapewa sifa. Nimeshaona watu wakiapa kwa mafuta ya kupikia kwa sababu iyo hiyo.

Uchunguzi wenyewe ulianza na mambo ya bei nafuu, kama inavyopaswa. Tulifunga kipande cha mpira unaopenyeza mwanga kwenye njia ya mafuta yanayorudi kutoka kwenye pampu ili kuona kama kuna mapovu ya hewa, kwa sababu nati iliyolegea au wosha ya shaba iliyochoka upande wa kuvuta mafuta inaweza kuleta dalili zinazofanana na hizi. Mapovu hayakuwapo. Pampu ndogo ya kuvuta mafuta kutoka tangini, ile yenye kiwambo cha mpira na kijiti cha kupampia kwa mkono, ilisukuma vizuri. Filta ilipofunguliwa, bakuli lake lilikuwa na maji ya rangi ya chai na utelezi mweusi uliong'ang'ania kuta zake. Tuliuhifadhi kwenye chupa ya kioo kwa matumizi ya baadaye. Mgandamizo wa silinda ulipopimwa ulikuwa wa wastani, huku silinda ya tatu ikiwa nyuma kidogo ya wenzake, lakini si kwa kiasi cha kuizuia injini yenye moto kuwaka. Kwa kweli injini yenye mgandamizo hafifu huwa ngumu kuwaka ikiwa baridi, si ikiwa moto, na hilo peke yake lilielekeza macho kwenye pampu.

Tukalisubiri trekta likapate moto. Dereva alimaliza safari mbili, akalizima, akangoja robo saa, na stata ikazunguka bure kama alivyoeleza. Tulichukua gunia kuukuu, tukalifunika juu ya pampu, na dereva akafungua mpira wa tangi lake mwenyewe akalimwagia maji polepole mpaka chuma cha pampu kikashikika kwa mkono bila kuunguza. Alipozungusha ufunguo, injini ilishika mara moja.

"Fundi, kumbe pampu ilikuwa na kiu tu," akasema.

Jaribio hilo ni la zamani miongoni mwa mafundi wa pampu za mzunguko, na lina thamani kubwa kuliko vifaa vingi vya gharama, lakini lina sharti: lifanywe injini ikiwa imezimwa, na maji yamwagwe taratibu juu ya gunia au kitambaa. Kumwagia pampu yenye moto maji baridi ghafla wakati inazunguka kunaweza kuifanya kasha lake lisinyae kabla ya sehemu za ndani, nazo zikagandana.

Ili kueleza kwa nini maji yalifanikiwa mahali ambapo dawa ilishindwa, ni lazima kueleza pampu yenyewe. Ni pampu ya aina ya DPA ya kampuni ya CAV ya Uingereza, iliyoingia sokoni katika miaka ya 1950 na kuenea kwenye matrekta, jenereta, kompresa na malori madogo kote duniani. Tofauti na pampu za mstari, ambazo kila silinda ina plunja yake (kijiti cha chuma kinachosukuma mafuta), DPA ina plunja mbili tu zinazotazamana ndani ya rota moja, yaani mhimili unaozunguka. Rota hiyo huzunguka ndani ya kichwa cha pampu kwa nusu ya mwendo wa injini, na tundu lake moja la kutolea mafuta hupita mbele ya matundu ya silinda, moja baada ya jingine, likigawa mafuta. Rota na kichwa havina sili kati yao. Kinachozuia mafuta yenye shinikizo kuvuja ni ubanaji wa chuma kwa chuma, uwazi wa maikroni chache tu, ilhali unywele wa mtu una unene wa maikroni 70 hivi. Hakuna oili inayoingia humo. Kila kinachozunguka ndani ya pampu hii hulainishwa na dizeli ileile inayokwenda kuchomwa.

Uwazi huo ukipanuka, mafuta huvuja kurudi ndani ya kasha badala ya kwenda kwenye nozeli, na kiasi kinachovuja kinategemea mambo mawili: wepesi wa mafuta na muda yanaopewa kuvuja. Injini ikiwa kazini kwa mizunguko 1,500 au zaidi kwa dakika, kila pigo la plunja ni fupi mno na mvujo haupati nafasi. Ndiyo sababu trekta hili lilivuta mzigo bila kulalamika. Stata, kwa upande mwingine, huizungusha injini kwa mizunguko 200 hivi, kwa hiyo rota inajikokota kwa 100, na mafuta yana muda wa kutosha kupenya kwenye mikwaruzo. Asubuhi dizeli ni baridi na nzito kiasi cha kuziba pengo. Mchana hali ni tofauti kabisa, na ubaya wake mkubwa hauji wakati injini inafanya kazi, bali dakika chache baada ya kuzimwa, kwa kuwa mafuta yaliyokuwa yakizunguka na kuipoza pampu yamesimama na joto la bloku ya injini linaendelea kuhamia kwenye kasha lake. Mteja anapokamilisha kujaza pipa lake na kulipa, pampu imefikia joto lake la juu kabisa. Kuimwagia maji ni kuyarudishia mafuta uzito wa asubuhi.

Chupa ya kiongezi haiwezi kufanya hivyo. Kipimo chake cha kawaida ni sehemu moja kwa mamia kadhaa ya dizeli, na kiasi hicho hakibadilishi uzito wa mafuta kwa namna yoyote ya maana. Wala hakuna kimiminika kinachorudisha chuma kilicholiwa.

Swali lililobaki lilikuwa ni nini kilichoila pampu. Jibu linalotolewa haraka katika karakana nyingi za Nairobi ni kwamba dizeli ya siku hizi imekuwa "kavu". Madai hayo yana msingi. Mwaka 2015 Kenya na majirani zake wa Afrika Mashariki walihamia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni, kutoka viwango vilivyokuwa juu zaidi, kwa ajili ya afya ya mapafu ya watu na uhai wa injini za kisasa. Salfa yenyewe si kilainishi, ingawa wengi hudhani hivyo. Tatizo ni kwamba matibabu ya hidrojeni yanayoiondoa kiwandani huondoa pamoja nayo kemikali nyingine za asili zinazoshikamana na chuma na kukipa utando wa ulinzi. Uswidi ililigundua hilo mwanzoni mwa miaka ya 1990, ilipoanza kutumia dizeli yenye salfa ndogo sana na pampu zikaanza kufa mapema. Tangu hapo watengenezaji wa mafuta hurudisha kemikali za kulainisha kwa kiasi kidogo, na ubora wake hupimwa kwa kusugua kipira cha chuma cha kipenyo cha milimita 6 juu ya sahani ya chuma ndani ya mafuta yenye joto la nyuzi 60 kwa dakika 75, kisha kovu linalobaki kupimwa kwa hadubini: kiwango cha Ulaya, EN 590, hakiruhusu lizidi maikroni 460. Dizeli iliyotoka kwenye depo halali na kuuzwa katika kituo kinachofuata kanuni inatakiwa iwe na ulinzi huo tayari.

Kwa hiyo, kabla ya kuilaumu salfa, nilitaka kuona chuma. Pampu iling'olewa ikapelekwa kwenye chumba cha pampu Industrial Area, chumba chenye dirisha lililofungwa dhidi ya vumbi na meza iliyofunikwa kwa bati safi. Fundi wa chumba hicho aliitoa rota, akaiosha, akaiinamisha kwenye mwanga na kuizungusha polepole kati ya vidole. Mistari myembamba ilikuwa imeizunguka pande zote, mingi zaidi karibu na tundu la kutolea mafuta, na alipoipitishia ukucha kwa urefu ulinasa mahali pawili. Karibu na vibapa (mapezi madogo yanayosukuma mafuta) vya pampu ndogo ya ndani, inayotoa shinikizo la kulisha plunja, kulikuwa na madoa ya kahawia yaliyokwisha kuchimba chuma. Valvu ya kupimia mafuta, ambayo inatakiwa kuteleza kwa uzito wake yenyewe, ilikuwa ikisita kwa gundi ya mafuta ya zamani.

Alama hizo zinasomeka. Pampu iliyokosa ulainishaji huonyesha chuma kilichosuguana na kupakana, mng'aro usio wa kawaida, na pengine ukwamaji kamili wa rota. Mistari ya kuzunguka ni kazi ya mchanga na uchafu uliopita kwenye filta. Madoa ya kahawia ni maji. Katika pampu hii dalili za ukavu zilikuwa chache, za mchanga na za maji zilikuwa nyingi, na hakuna kiongezi cha kulainisha ambacho kingeizuia chembe ya mchanga kupita kwenye pengo la maikroni chache.

Mahali uchafu ulipotoka palipatikana kwa kumfuata dereva siku moja ya kazi. Dizeli haikuwa ikinunuliwa kituoni, bali kwa mitungi ya lita 20 kutoka kwa muuzaji wa kando ya Kangundo Road, kwa sababu trekta likienda kituoni na tangi nyuma yake linaziba njia na kupoteza nusu saa. Mitungi ilikaa nje, vifuniko vyake viwili vikiwa vimebadilishwa kwa mifuko ya plastiki iliyokazwa kwa mpira. Faneli ilikuwa moja tu: asubuhi iliongezea rejeta maji, kisha ikakung'utwa mara mbili na kupelekwa kwenye tangi la dizeli. Nilipomwonyesha mwenye trekta, alicheka kwanza, kisha akanyamaza.

Ile chupa ya kioo tuliyoitoa kwenye filta iliachwa usiku kucha, na asubuhi ilikuwa na tabaka tatu: maji chini, utelezi mweusi katikati, dizeli juu. Utelezi huo ni viumbe hai, kuvu na bakteria wanaoishi mpakani mwa maji na dizeli, wakinywa huku na kula kule. Bila maji hawaishi. Dizeli yenyewe ilikuwa na uzito wa chini kuliko inavyotarajiwa ilipopimwa kwa haidromita, na harufu ya mafuta ya taa ilikuwapo, ingawa pua na haidromita havitoshi kuthibitisha uchanganyaji mbele ya mtu yeyote makini. Ikumbukwe pia kwamba uchakavu wa pampu ni wa miaka mingi. Kabla ya Septemba 2018 mafuta ya taa yalikuwa nafuu kuliko dizeli kwa tofauti kubwa, na kuyachanganya kulikuwa biashara iliyoenea hadi serikali ilipoweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuivunja. Mafuta ya taa ni mepesi, na mnato wake, yaani uzito wake wakati wa kutiririka, ni karibu nusu ya ule wa dizeli au chini ya hapo. Pampu iliyoyanywa wakati huo, mikononi mwa mwenye trekta wa kwanza, ingali na makovu yake leo.

Kuhusu matengenezo nitapita haraka, kwa kuwa fundi alifanya kilichohitajika na hakukuwa na miujiza. Kichwa na rota huuzwa kama jozi moja iliyosagwa pamoja, na haifai kuchukua rota ya pampu moja na kichwa cha nyingine hata kama namba zinafanana. Mwenye trekta alikuwa ameonyeshwa pampu nzima "iliyofanyiwa ukarabati" kwa bei ndogo kuliko jozi mpya, ikiwa imepakwa rangi nyeusi inayong'aa. Nilimshauri aulize karatasi ya vipimo kutoka kwenye benchi la kupimia, na alipoambiwa haipo, akaiacha. Jozi mpya ilifungwa, vibapa na springi vikabadilishwa, na sili za zamani zikatolewa na kuwekwa zinazostahimili dizeli yenye salfa ndogo, kwa sababu sili kongwe za mpira wa kawaida zilizokuwa zimevimba kwa mafuta ya zamani husinyaa na kuvuja zinapokutana na mafuta mapya; Marekani ililiona hilo mwaka 1993 ilipopunguza salfa. Pampu ikapimwa kwenye benchi, nozeli zikajaribiwa kwa kupuliza, moja ikabadilishwa. Tangi la dizeli lilishushwa, likaoshwa kwa dizeli safi, na mabomba yakapulizwa. Kufunga pampu mpya juu ya tangi chafu ni kununua pampu nyingine mapema.

Sasa ndipo suala la viongezi liliporudi, kwa sababu mwenye trekta alikuwa na chupa nne zilizobaki na hakutaka kuzitupa. Tulizisoma lebo pamoja. Mbili kati yake zilisema zinaondoa maji kwa kuyachanganya na mafuta, na hizo nilimwomba asizitumie. Kuna viongezi vinavyoyatenga maji ili yashuke chini yatolewe kwenye bakuli la filta, na kuna vinavyoyasaga kuwa matone madogo yanayopita kwenye filta pamoja na dizeli. Kwa pampu ya DPA aina hii ya pili ni hatari, kwa kuwa inayapeleka maji mahali ambapo chuma kinategemea mafuta kuwa mafuta. Na baadhi yake hutumia spiriti, ambayo hupunguza ulainishaji na kudhuru sili. Chupa nyingine mbili zilikuwa za kulainisha na kusafisha. Hizo zina nafasi, lakini ni nafasi ya kulinda pampu nzima, si ya kuponya mbovu: kwa mtu anayenunua dizeli ambayo hana hakika nayo, kiasi kidogo cha kilainishi kinachotengenezwa kwa ajili ya dizeli ni bima ya bei ndogo. Kisizidishwe. Kuongeza maradufu hakuongezi ulinzi maradufu, kwa kuwa chuma kikishapata utando wake, ziada huenda kuchomwa au kuacha gundi.

Fundi wa pampu alikuwa na maoni tofauti, nayo yanastahili kuandikwa. Yeye humwaga oili ya injini za pikipiki za mipigo miwili, kwa kipimo cha sehemu moja kwa 200, yaani mililita 100 kwa mtungi wa lita 20, na anasema hajawahi kuona pampu ikiharibika kwa hilo. Namwamini kwamba haijaharibika. Oili hiyo huchomeka bila majivu mengi, na katika injini isiyo na kichujio cha moshi haina pa kuleta madhara makubwa. Ninachokitilia shaka ni faida: oili hutengenezwa ilainishe kwa unene wake, na ikishayeyushwa mara 200 unene huo haupo, ilhali kemikali zinazotengenezwa kwa ajili ya dizeli hufanya kazi kwa kushikamana na chuma hata zikiwa kidogo sana. Hata dizeli ya mimea, ikichanganywa kwa asilimia 2 tu, huongeza ulainishaji kwa kiwango kikubwa. Mahali ambapo mimi na yeye hatukutofautiana hata kidogo ni oili chakavu, ile inayotolewa kwenye injini wakati wa sevisi na ambayo madereva wengine humwaga tangini kwa kubana matumizi. Ina masizi, unga wa chuma na asidi. Ni mchanga ulioyeyushwa.

Makubaliano ya mwisho hayakuwa ya kemikali. Dizeli inanunuliwa kituoni jioni, baada ya tangi la maji kuachwa kisimani, na tangi la trekta linajazwa kabisa kabla ya kulala ili hewa yenye unyevu isibaki na nafasi ya kutona usiku. Hilo limeondoa mitungi karibu yote. Mtungi mmoja uliobaki kwa dharura una kifuniko chake, na faneli yake ina chujio la waya na imefungwa kwa uzi kwenye mtungi huo ili isiende kwenye rejeta. Bakuli la filta linafunguliwa maji kila Jumatatu asubuhi kabla trekta halijatikiswa, kwa sababu baada ya kutikiswa maji yanakuwa yameshachanganyika. Filta inabadilishwa kila baada ya saa 250 za kazi, badala ya "ikiziba", kama ilivyokuwa. Kilainishi kinapimwa kwa kikombe cha plastiki cha dawa ya kikohozi, ambacho mama huyo alikileta mwenyewe nyumbani.

Trekta sasa linawaka likiwa na moto, ikiwa ni pamoja na katika jua la Februari, na dereva amerudia kuzima kwa kila mteja. Moshi mweusi wakati wa kupanda kutoka Kamulu ungalipo kidogo, na sehemu yake ni ya mwinuko, lakini sehemu nyingine ni ya ile silinda ya tatu. Pampu mpya haitaugusa mgandamizo wake. Mwenye trekta ameambiwa, na amepanga injini ifunguliwe wakati wa mvua ndefu, ambapo watu wa mjengo hukinga maji ya paa na biashara yake hupungua.